Dengu Isiyo na Mikono

Krrr. Kimya. Krrr.

Niliusikia mkwaruzo kabla sijaona mkono wala kioo. Mlio mwembamba na mkavu, kama meno ya mtu anayeyasaga usingizini. Nilikuwa ukumbini, sanduku la vioo begani, na miguu yangu ikasimama yenyewe, maana iliutambua mlio ule kabla ya akili. Katika Nyumba ya Vioo hata paka anaujua. Ncha ya almasi inapoandika jina kwenye kona ya kioo hulia kwa mapigo mafupi, kri, kri, kri, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Inapokwangua jina, huvuta. Krrr. Na baada ya kila mvuto, pumzi ya mtu anayepuliza unga wa kioo.

Nilihesabu. Mivuto sita, pumzi sita. Herufi sita.

Jina la mama yangu ni Zawena.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma kwa kidole. Bwana Ngwali, Msemaji Mkuu wa Nyumba, alikuwa ameinamia meza yake, mgongo wake mpana kwangu, na chini ya sindano yake ya almasi kilikuwa kimelala kioo ninachokijua tangu sijajua kutembea, kile chenye ufa pembeni. Hakugeuka. Mtu mwenye cheo hageukii kila mlango unaolia.

"Weka sanduku chini, uende," alisema.

Nikaweka sanduku chini. Nikaenda. Lakini aliyetoka mle chumbani hakuwa yule aliyeingia, na mpaka leo sijui yule wa kwanza yuko wapi. Pengine bado amesimama mlangoni, anahesabu herufi.

*

Katika mji wetu hakuna usiku. Sisemi kwa mafumbo. Jua limesimama juu ya mapaa yetu tangu mapaa hayajaezekwa. Siku tunazihesabu kwa kengele, na mtu huzaliwa, huoa, huzika na kuzikwa bila kuona nyota hata moja. Usiku tunaletewa. Wapagazi wanapanda mlima, wanavuka upande wa pili ambako giza linaishi, nao wanarudi na giza lile likiwa limeganda juu ya vioo, limeviringishwa vitambaa vyeusi, limepangwa masandukuni. Sisi wa chini tunalisoma mezani, mchana kweupe, tumeinama kama watu wanaochagua mchele. Na juu ya kioo mambo yote yamepinduka: nuru ni nyeusi, giza ni jeupe. Nyota ni tone la wino. Galaksi yenye mabilioni ya majua ni doa ambalo inzi angelifunika kwa mguu. Ndiyo maana watu wa kwetu hawashangai mwovu anapovaa kanzu safi. Tumezoea kusoma kinyume.

Swali langu ni moja, nalo linanitafuna kama mchwa anavyotafuna mlango, kutoka ndani. Kitu ni cha nani? Ni cha aliyekiona, au ni cha aliyekitaja? Maana kitu kisichotajwa kwetu hakipo, na mwenye kinywa cha kutaja ni mmoja, na kinywa hicho hula.

Mama aliiona Dengu, galaksi iliyolala juu ya kile kioo chenye ufa, miaka ishirini na miwili iliyopita, au juzi, au kabla dunia haijapata midomo; inategemea unahesabu kwa saa ya nani. Nuru ya kitu kile ilisafiri miaka milioni sitini ndipo ikalala juu ya kioo chetu. Ilipotoka hapakuwa na Zawena wala Ngwali, hapakuwa na wa kuiba wala wa kuibiwa. Wizi wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Nuru ikaja, ikaja, ikavuka utupu usio na hata chembe ya vumbi la kuiliwaza, na mwisho wa safari yote hiyo ikaangukia sanduku la baba yangu.

Baba alikuwa mpagazi. Aliteleza kwenye njia ya changarawe, karibu kabisa na lango la mji, na sanduku likamtangulia bondeni. Vioo thelathini na tisa vilivunjika. Kimoja kilipona, na ufa wa urefu wa kidole. Walipomzika, udongo wa kaburi haujakauka, mama alikuwa mezani. Wakamwambia, Zawena, pumzika. Akasema, nataka kuona alichofia. Nilikuwa na miezi minne, nimefungwa mgongoni mwake kwa kanga, na wanasema sikulia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtoto analijua. Kioo kina uso na mgongo. Uso umepakwa utando, na utando ndio ulioshika giza. Mgongo ni kioo kitupu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo msomaji, kabla ya kuweka kioo mezani, hukibusu: huigusisha kona yake kwenye mdomo wa chini. Uso unanata kidogo. Mgongo unateleza. Ukishajua, unaweka uso juu, unasoma. Ukikosea ukaweka mgongo juu utaona kila kitu vilevile, ila kulia kutakuwa kushoto, na utaandika dunia isiyokuwapo. Sheria yetu iliyo kongwe kuliko zote ni fupi: aliyegeuza kioo hatajwi, na kilichosomwa kwa mgongo hakina jina.

Lakini mfiwa habusu kioo. Kwa siku saba midomo yake inahesabiwa kuwa ina mauti. Mama hakubusu. Alikisia.

Kisha akaandika sifa saba, kwa mwandiko wake unaolala upande kama mpunga upepo ukipita. Kwamba umbo lake ni la punje ya dengu iliyotazamwa kwa ubavu, nene katikati, nyembamba kingoni. Kwamba haina mikono. Galaksi nyingine zina mikono inayojizungusha kama maji yanayoingia tunduni, hii imekatika mabegani. Kwamba nyota zake ni kongwe na rangi yake ni ya kutu. Kwamba haina gesi ya kutosha, kwa hiyo karibu haizai tena. Kwamba inatukimbia, na mistari ya nuru yake imesogea upande wa wekundu. Kwamba katika kiini chake kimekaa kitu kisichoonekana, kizito kuliko majua milioni mia, kinachojulikana tu kwa jinsi jirani zake wanavyokizunguka mbio. Na kwamba ukanda mwembamba wa vumbi unapita kando ya kiini, upande wa kushoto.

Upande wa kushoto. Hapo ndipo kosa lilipolala.

Jalada la sifa hizo likawekwa kabatini kwa Msemaji, kungoja zamu ya kutajwa mbele ya mji, Siku ya Kutaja. Likangoja. Macho ya mama yalipoanza kufifia, aliomba apewe kioo chake akiage. Nilikuwa pale. Alikibusu. Akakigeuza, akakibusu tena. "Silima," aliniambia, "ukanda uko kulia." Alisema atalisahihisha jalada kimyakimya, lakini jalada lilikuwa kwa Ngwali, na macho hayakungoja. Ngwali ndiye aliyengoja. Alingoja mpaka alipokuwa na hakika kwamba mwenye mali hawezi tena kuiona. Kisha akatoa sindano.

*

Nani aliikata mikono?

Ninauliza hivyo kila ninapoibeba picha yake kichwani, na sasa ninaibeba daima. Wasomaji wana majibu mawili. Wengine wanasema Dengu ilipita katikati ya majirani wakubwa, na upepo wao ukaivua gesi yake kama kibaka anavyomvua mtu koti barabarani, ikabaki na nyota ilizokuwa nazo na isipate nyingine. Wengine wanasema hapana, hakuna aliyeipora. Ilizaa mno ujanani, ikaishiwa, ikazeeka kimya. Mimi siwaamini hao wa pili. Aliyeibiwa hupenda kusikia habari za mwizi. Nataka awepo. Nataka awe na mgongo mpana na pumzi ya kupuliza unga.

Na hapo ndipo mambo huanza kuteleza. Ninakaa peke yangu, ninafumba macho, na sijui tena nani ni nani. Ni mimi niliyekatwa mabegani. Ni mimi ninayewaka kwa moto wa zamani na sizai. Kiini changu kina kitu kisichoonekana, kizito, na kila nilichonacho kinakizunguka mbio: jina la baba, ufa wa kioo, herufi sita. Vyote vinazunguka. Hakuna kinachotoka. Nilikuwa mtu wa mashairi, niliyejifunza mizani peke yangu kwa kugonga vidole ukutani, bila mwalimu, na naapa hapakuwa na wa kunishinda mji mzima. Tangu mkwaruzo ule sijazaa ubeti hata mmoja.

*

Mkejina anaosha vioo. Kazi yake ina beseni, magadi na maji ya moto: kioo kilichokosa jina huletwa kwake, hukisugua mpaka giza lote litoke, kikarudi mlimani kitupu. Amenizidi miaka mitatu na ulimi.

"Umenuna kama aliyemeza sindano," aliniambia.

"Nimeisikia tu. Aliyeishika ni Ngwali."

Nikamweleza. Akasikiliza huku akisugua.

"Ngwali huyuhuyu anayetembea kama amefumbata yai kwapani?"

"Huyohuyo. Siku ya Kutaja atasimama aseme Dengu ni yake."

"Nenda kwa Bi Kijakazi. Yeye ndiye mwenye sheria. Mwonyeshe mkwaruzo."

"Ngwali atasema ni wa kuanguka. Kioo kilianguka bondeni, nani hajui?"

"Basi utafanyaje, mshairi? Utamtungia?"

"Nitamwacha ataje. Atataja kama ilivyoandikwa. Ukanda kushoto. Halafu nitamwomba abusu kioo."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Silima. Kioo kilichogeuzwa hakina jina. Na kisicho na jina huja wapi?" Akainua vidole vyake vilivyokunjamana kwa magadi. "Huja hapa. Nitakiosha mimi, mdogo wangu, mbele ya watu, kwa mikono hii. Kioo cha baba yako."

"Afadhali kisiwepo kuliko kiwe chake."

"Hayo ni maneno yako au ya mama yako?"

Nikachora kwa kidole kwenye povu lililomwagika.

"Umemwuliza?"

"Aliyeibiwa haulizwi kama anataka mwizi ashikwe."

"Heh! Huo ni ubeti? Maana siku hizi hata kipande sisikii. Zamani ulikuwa unanichosha humu na ile ya mgeni." Akapiga ubavu wa beseni kwa kiganja, akaghani kwa sauti ya kunikejeli, sauti ya mtu anayeuza samaki:

*Nuru ni mgeni wetu, hajui tumeshakufa,*
*Abisha milango yetu, akidai zake sifa.*

"Unaona?" alisema. "Mpaka nimeikariri, Mungu anisamehe. Rudi utunge, Silima. Kisasi ni kazi ya watu wasio na kazi."

Nilicheka. Nilicheka ili aone meno yangu, na nikaondoka.

*

Mama alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, akichagua dengu za mchuzi kwa ncha za vidole. Kila punje aliigeuza mara moja kabla ya kuiweka kando. Mawe aliyatupa bila kukosea hata moja.

"Unapumua kama aliyepanda mlima," alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Nisomee basi ulichotunga."

"Sina kipya."

"Cha zamani?"

"Nimesahau."

Akageuza punje. "Wameniambia Dengu itatajwa mwaka huu. Kumbe Ngwali si mbaya kama tunavyomsema. Kinywa ni chake, lakini jina ni la aliyeona, atalitaja." Alitabasamu, akitazama mahali ambapo sikuwa nimekaa. "Nitavaa kanga ile ya maua mekundu. Baba yako aliipenda."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka. Lakini mtu mwenye kiburi ana aina yake ya huruma, nayo ni mbaya kuliko ukatili: nilijiambia kwamba nitamletea ushindi mzima, umeiva, mezani, nisimletee habari ya wizi mbichi. Nikafunga mdomo.

"Nina hofu moja tu," alisema. "Ule ukanda. Lakini hebu niambie, mwanangu, watu wote wale, sifa saba, maneno mengi, joto lile." Akacheka kidogo. "Nani atauliza upande wa vumbi?"

*

Siku ya Kutaja.

Ukumbi ulijaa. Wasomaji kwenye mabawa ya kulia na kushoto, wapagazi wamesimama, waoshaji nyuma na beseni lao la maji ya moto, kwa kuwa siku hiyo kisichopata jina huoshwa papo hapo. Mama alikuwa safu ya mbele pamoja na wasomaji wastaafu, amevaa maua yake mekundu, shingo ameinyoosha kama mtoto anayengoja kuitwa darasani. Kioo cha Dengu kilikuwa kwenye fremu ya dirisha, na jua letu lisilochoka likipita ndani yake. Kila mwenye macho aliiona: punje nyeusi, na kando ya kiini uzi mweupe wa vumbi. Kushoto. Ngwali alikiweka kioo kwenye fremu mpaka kikalingana na karatasi ya mama. Hakujua alichokiweka.

Alitaja vizuri, sitamnyima haki yake. Sauti yake ilikuwa mtungi mkubwa wa shaba. Alipofika kwenye kitu kisichoonekana kilicho kiinini, watu walishika vifua. Alipofika kwenye mikono isiyokuwapo, mwanamke mmoja alifuta macho.

"Na sifa ya saba," alisema, "ukanda wa vumbi, kushoto mwa kiini, kama mnavyoshuhudia. Na jicho lililoiona kwanza," akagusa shavu lake, "ni hili."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia mbele, midomo wazi kidogo, anangoja. Akabaki hivyohivyo. Aliendelea kungoja hata watu walipoanza kupiga makofi, kama mtu aliyesikia hodi na akafungua mlango akakuta hakuna mtu.

Nikasimama.

"Bwana Msemaji. Nina swali."

"Mpagazi wa masanduku ana swali," alisema, na ukumbi ukacheka. "Uliza, kijana. Ila usilitie vina, watu wana njaa."

"Kioo umekibusu?"

Kicheko kikakatika.

"Msemaji ana watu wa kumbusia," alisema.

"Hata nyumbani?" sauti ya Mkejina ilitoka nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka. Watu walishikana mabega. Ngwali alijaribu kutabasamu nao, akachelewa.

"Basi kibusu sasa," nilisema. "Sheria inampa yeyote haki ya kuomba. Mimi naomba."

Macho yakamgeukia Bi Kijakazi, mwenye sheria, mwanamke mfupi aliyekuwa anajipepea na kipepeo cha ukili. Aliinua kidevu: kibusu. Ngwali akakitoa kioo kwenye fremu bila kukigeuza, akaiweka kona ya upande uliokuwa ukitutazama kwenye mdomo wake wa chini. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Niliuona mdomo wake ukiteleza.

"Kinanata," alisema.

"Lete," alisema Bi Kijakazi. Akakibusu palepale. Akakitazama, akamtazama Ngwali. "Kinateleza kama sabuni. Umetusomea mgongo, Bwana Ngwali."

Bi Kijakazi akaanza kuisema sheria, neno baada ya neno, na alipofika *aliyegeuza kioo hatajwi*, mtungi wa shaba ukapasuka.

"Si mimi!" Ngwali alipaza sauti. "Mimi sikukigeuza! Nimesoma kama alivyoandika Zawena! Zawena ndiye aliyekigeuza, mwulizeni, Zawena yule pale!"

Mara tatu. Jina lile alilolikwangua kwa mivuto sita, alilitema mara tatu, mbele ya mji, kwa kinywa chake mwenyewe. Niseme nini juu ya furaha yangu? Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa kongwe. Ilikuwa imesafiri miaka milioni sitini kunifikia.

"Ahaa," alisema Bi Kijakazi polepole. "Kumbe ni cha Zawena."

Ngwali akasikia alichokisema. Niliona kikimwingia. Wakamvua kamba ya shingoni yenye sindano ya almasi, ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota. Akapita karibu nami akielekea mlangoni, bila yai kwapani.

"Umefurahi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mno," nilisema.

"Subiri kidogo," alisema.

Bi Kijakazi alikuwa amemgeukia mama.

"Zawena, mwenzangu. Ni kweli kioo ulikigeuza wewe?"

Angeweza kusema hapana. Karatasi ilikuwa mikononi mwa mwizi. Nani angemwamini mwizi? Mama alisimama, akirekebisha kanga yake ya maua mekundu.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa mfiwa. Sikubusu. Nilikisia."

"Sheria haina matanga, Zawena."

"Najua. Niliwafundisha wengi wenu sheria hiyo."

Bi Kijakazi akafumba macho, na kipepeo chake kikasimama. Kisha akakinyoosha kioo kuelekea nyuma, na Mkejina akaja kukipokea.

Alinipita bila kunitazama. Alimimina maji ya moto, akatia magadi, akakizamisha kioo, akaanza kusugua kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mwenye homa. Dengu ikatoka. Wino wa nyota zake ukayeyuka, ukawa uzi mweusi majini, ukawa wingu, ukawa rangi ya chai, ukawa si kitu. Nuru ile ilivuka utupu wote, ikaponea bondeni ambako baba yangu hakupona, na niliyeifikisha kwenye beseni ni mimi. Ukumbini hapakusikika kitu isipokuwa maji. Mama alikuwa amegeuza sikio upande wa maji yale, na alilishika tone baada ya tone.

Watu walipoondoka, tulibaki wawili, na sindano sakafuni.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenikataza."

"Ningekukataza." Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akagusa kope zangu, ambazo zilikuwa kavu. "Ngwali alinikwangulia jina, Silima. Wewe umenioshea kioo. Unajua nilikuwa nikifanya nini kila kengele ya kulala? Nilikuwa nikijiambia: hakipotei. Mimi sikioni, lakini kipo."

Nilitaka kumwambia kwamba kisasi ni haki. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na mifano, nilikuwa na vina. Vyote vilizunguka kile kitu kizito kiinini na hakuna hata kimoja kilichotoka. Nikainama, nikaiokota sindano. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Ilikuwa bado ina joto la shingo ya mtu.

"Nataka ulete neno moja," mama alisema. "Moja tu, la kwako, lisilo na Ngwali ndani yake."

Nikapiga magoti mbele yake, nikauweka mkono wake juu ya sindano ili ajue ninashika nini, nikasema kwa sauti, mpaka paa likanirudishia:

"Mama, kesho kengele ya kwanza ikilia napanda mlima."

"Baba yako aliniambia atashuka kabla uji haujapoa."

"Mimi sikuahidi uji. Nakuahidi Dengu. Bado iko pale, nuru yake bado inashuka, hakuna wa kuikwangua kule ilikotoka. Nitaishika juu ya kioo kipya, nitashuka nacho kifuani badala ya begani, na nitakibusu mbele yako, kisha wewe utakibusu baada yangu. Na nikishajua kwamba ukanda uko kulia, nitaandika jina lako, herufi sita. Sitaandika pembeni, mama. Nitaandika katikati, juu ya kiini chenyewe, ili atakayetaka kukufuta wewe aifute Dengu nzima kwa mkono wake, mchana, watu wakimtazama."